Tumebanana, hatujarundikana

"Mrundikano? Hapana mwanangu, hapa hakuna mrundikano."

Mama alijibu hivyo bila hata kusita, anachambua mchele kwenye ungo, na yule dada mhoji akabonyeza HAPANA kwenye tableti akaenda swali linalofuata. Mimi nlikuwa nimekaa pembeni juu ya ndoo iliyogeuzwa, sina kazi yoyote pale zaidi ya kusikiliza, maana dodoso lile nililitafsiri mimi na siku hiyo tulikuwa tunalijaribu Tandale kabla halijapelekwa kwa watu wengi. Macho yangu yakaanza kuhesabu yenyewe. Kitanda sita kwa sita. Godoro limesimamishwa ukutani, lingine limekunjwa juu ya kabati. Pazia la kitenge limekigawa chumba. Mabegi ya shule mlangoni, manne.

Dada naye akashtuka, akarudi nyuma.

"Samahani mama, humu mnakaa wangapi?"

"Tisa. Mdogo wangu akija toka Handeni tunakuwa kumi."

"Vyumba vingapi?"

"Si hiki hapa."

"Sasa mama si ndo mmerundikana?"

Mama akaacha kuchambua. Hakukasirika, alituangalia tu kama mtu anayetafuta namna ya kumweleza mtoto wa mwenzie kitu bila kumvunjia heshima.

"Tumebanana," akasema. "Hatujarundikana."

Wiki ya tano hii. Nikipanda daladala nalisikia, nikiosha vyombo nalisikia, nikifungua kompyuta nitafsiri kitu kingine kabisa nalisikia.

## Neno nililichagua mimi

Dodoso lilikuja kwa Kiingereza. Lilikuwa na lile neno lao la watu kuzidi nafasi, na kwenye rasimu ya kwanza niliandika msongamano. Halafu nikawaza, mtu wa Dar ukimwambia msongamano atafikiria magari, atafikiria Ubungo saa kumi na mbili jioni. Nikafuta nikaweka mrundikano. Lilisikika zito, lilisikika la kiofisi, bosi akalipenda, likapita. Sikufikiria hata dakika moja.

Sasa ndo nafikiria.

Rundo. Rundo la taka, rundo la nguo chafu, rundo la mafaili. Mahakamani wanasema mlundikano wa mashauri, kwa L, na kila mtu anaelewa, kesi zimepangwa juu ya kesi na za chini zimesahaulika. Tunarundika magunia, tunarundika matofali. Kila kinachorundikwa hakina miguu. Hakikwenda pale chenyewe, kuna mtu alikibwaga akaondoka, na hakuna anayekiuliza cha chini kinajisikiaje.

Na mimi nikalichukua neno hilo nikalipeleka ndani kwa mtu, tena nyumbani kwake, nikataka ajibu ndiyo.

Nilijaribu kujitetea kwa sarufi. Nikajiambia mrundikano si umetoka kwenye kurundikana, na lile -ana la mwisho ni lilelile la kupendana na kusaidiana, kwahiyo watu wanatendana, ubaya uko wapi? Ila hata nilivyokuwa najiambia nlikuwa najua. Kiambishi hakiwezi kuusafisha mzizi. Mzizi ni rundo na rundo litabaki rundo.

## Songa, bana

Nimekaa na haya maneno kama mtu anayepanga mboga sokoni, nalishika hili naliweka, nalishika lile.

Songa. Ugali unasongwa. Bibi yangu nywele alikuwa anaita kusonga, sio kusuka. Kifua kikikubana kwa mawazo unaitwa msongo. Na ukitaka kumtia mtu moyo unamwambia songa mbele, neno hilohilo. Halafu likiongezwa -mana linaingia ukoo wa shikamana, fungamana, andamana, vitu vilivyogusana na haviachani kirahisi. Kwenye msongamano mtu yuko hai, anasukuma na anasukumwa, anaweza hata kukosa hewa, lakini ni mtu. Ndo maana mwaka 2020 tulivyoambiwa tuepuke misongamano hakuna aliyejisikia kutukanwa. Na ndo maana kila msamaha wa rais ukitolewa, tarehe 9 Desemba au 26 Aprili, tunasikia ni kupunguza msongamano magerezani. Ile Desemba ya 2019 wafungwa waliosamehewa walikuwa 5,533, yaani idadi ya watu wa kata ndogo. Ingawa nikikaa nikifikiria vizuri, kama kuna sehemu neno rundika lingekaa sawasawa ni jela, maana kule kweli kuna mkono uliomweka mtu na kufunga mlango, lakini hapo ndo tumechagua neno lenye heshima zaidi. Hilo limenishangaza sana.

Halafu kuna bana.

Bana ndo neno la mama, na ndo neno ambalo sisi wenyewe tunalitumia tukiwa ndani ya jambo. Benchi la watu wanne anakuja wa tano, konda anasema jamani tubanane, na angalia kinachotokea: huyu anavuta begi, yule anampakata mtoto, kijana wa dirishani anakaa upandeupande, mzee anapata nafasi. Hiyo nafasi haikuwepo. Imetengenezwa sasa hivi na watu wanne ambao hawajuani. Msibani hivyohivyo, mkeka wa watu kumi wanakaa ishirini na bado anayekuja anaambiwa karibu, kaa hapa, tubanane.

Kubanana ni kazi. Kuna mtu anaifanya, kila siku, na haionekani kwenye karatasi yoyote.

Na nyumba zetu zimejaa maneno ya hiyo kazi. Kulala mzungu wa nne, kichwa chako kwenye miguu ya mwenzio, neno la karata hilo, wale wazungu wa karata wenye kichwa juu na kichwa chini. Watoto wangapi wa Kiswahili wamekua wakilala mzungu wa nne? Mimi mmojawapo, Manzese, tulikuwa watatu kitanda kimoja na kaka yetu alikuwa na miguu ya baridi mwaka mzima. Sikuwahi kusikia mtu nyumbani anaita ule mrundikano. Mama yangu alikuwa anasema "leo wageni wapo, mtabanana," na sisi tulikuwa tunafurahi kwa sababu wageni maana yake nyama.

## Watu walewale, jioni ileile

Simba na Yanga wanacheza kwa Mkapa, uwanja wa watu elfu sitini umejaa, mtaani tunasema kuna nyomi. Ni neno la furaha hilo, mtu anarusha picha anaandika "nyomi sio la nchi hii". Tamasha nyomi, harusi nyomi, mkutano wa kampeni nyomi.

Mechi ikiisha hao watu wanarudi nyumbani, Tandale, Manzese, Mbagala, Vingunguti. Miili ni ileile na jezi ni zilezile. Wakishavua viatu tu wakaingia ndani, kwenye ripoti wanageuka mrundikano.

Na kuna neno lingine linanisumbua kuliko hata hilo. Utitiri. Tunalisema kila siku, utitiri wa kodi, utitiri wa vyama, na sasa tumelizoea mpaka kwa binadamu, utitiri wa wamachinga, utitiri wa bodaboda. Aliyewahi kufuga kuku anajua utitiri ni nini. Ni vile vidudu vidogo vya kwenye banda, ukiingiza mkono kuchukua mayai vinakupanda mpaka begani, unawashwa usiku kucha, na asubuhi yake unatafuta dawa unapulizia banda zima.

Hapo ndo nilipoanza kuogopa. Kwa sababu neno linakuja na kazi yake. Ukisikia rundo mkono unatafuta koleo, ukisikia utitiri mkono unatafuta dawa. Mtu aliyeambiwa mtaani kwake kuna utitiri hata kama ni mpole kiasi gani tayari ameshapewa nusu ya uamuzi.

## Ile milioni ya Kibera

Nchi jirani kuna mfano ambao ningeomba kila anayeandika kuhusu watu wengi aubandike ukutani. Kwa miaka mingi Kibera ya Nairobi ilikuwa inatajwa kwamba ina watu milioni moja, wengine wanasema zaidi, kwenye magazeti, kwenye maombi ya misaada, kila mgeni aliyekuja kutembezwa anaondoka na hiyo namba. Sensa ya mwaka 2009 ikahesabu mtu mmojammoja. Wakapatikana 170,070.

Laki moja na sabini elfu.

Ni wengi, sawa, na mahali ni padogo, na maisha ni magumu. Ila wale laki nane na zaidi walitoka wapi? Wapo wanaobishana na sensa mpaka leo, lakini mimi nionavyo walizaliwa na maneno. Ukishamuona mtu kama sehemu ya rundo huwezi kumhesabu, rundo huwa linakadiriwa kwa macho, na jicho la mtu aliyesimama juu barabarani anaangalia mabati yaliyoshikana litasema milioni kwa sababu haoni milango. Aliye ndani anajua milango mingapi na kila mlango una nani.

Jina lenyewe la Kibera ni la Kinubi, Kibra, maana yake msitu. Wanubi wenyewe, wale askari wa Kisudani waliopewa pale mahali wakaishi, waliona miti.

## Nilipogeuka

Nlikuwa nimeshaandika nusu ya makala hii, naona kabisa inapoelekea, kwamba kubanana ni neno zuri na mrundikano ni neno baya, basi. Nikampigia rafiki yangu nesi nikamsomea. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia:

"We unajua TB inaingiaje?"

Nikanyamaza.

Akasema yeye kila wiki anampokea mtoto ambaye ameipata kwa babu, na babu hana kosa na mtoto hana kosa, ni chumba hakina dirisha. Akasema dirisha moja tu linalofunguka ni dawa. Akasema usiwapambe watu ukawaacha humohumo.

Simu ikakatika vocha iliisha, na nashukuru iliisha, kwa sababu sikuwa na jibu.

Ni kweli. Hata ile raha ya utotoni ya wageni na nyama, dada yangu mkubwa anaikumbuka tofauti kabisa na mimi. Yeye alikuwa na miaka kumi na tano, alikuwa anabadilisha nguo gizani. Umoja wa Mataifa kupitia shirika lao la makazi, UN-Habitat, wanasema chumba kikizidi watu watatu hapo nafasi haitoshi, na zamani hicho kipimo nlikuwa nakiona cha watu wasiotujua. Siku hizi nikimfikiria dada yangu nasema hapana, kuna mtu alikaa akamfikiria msichana wa miaka kumi na tano.

Penye wengi pana mengi. Wahenga hawakusema mengi mazuri.

Kwahiyo nikarudi kwenye mrundikano, safari hii kwa swali lingine. Kama kurundikwa kunahitaji mkono, je mkono haupo?

Upo! Tena una tarehe.

Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi mwaka 1891 wakaanza kuugawa mji wa Dar es Salaam kwa aina ya nyumba, na aina ya nyumba ilikuwa ni njia ya kusema aina ya mtu. Waingereza wakaendeleza. Tukapata Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, kwa hoja za afya, eti magonjwa yasivuke. Wanaosherehekea pale leo sijui wangapi wanajua walisimama kwenye mpaka.

Halafu ukaja mpango mji wa mwaka 1949. Wakati huo kugawa watu kwa rangi waziwazi kulikuwa kumeanza kuleta aibu, kwahiyo maeneo hayakuitwa tena ya Wazungu au ya Waafrika. Yakaitwa kwa wingi wa watu. Oyster Bay ikawa eneo la watu wachache, Kariakoo, Ilala, Magomeni, Temeke yakawa maeneo ya watu wengi. Watu hawakuhama, uzio haukuhama, kilichohama ni neno tu. Rangi ikafutwa pakaandikwa msongamano.

Nilisoma hapo nikasimama nikatoka nje.

Maana hayo maneno bado tunayo! Nenda leo ofisi yoyote ya ardhi ukanunue kiwanja utaulizwa unataka ujazo mdogo, ujazo wa kati au ujazo mkubwa. Ujazo, kama lita za mafuta. Madalali wao wanasema lo densiti na hai densiti na wala hawajui wanamnukuu mtu wa mwaka 1949. Kiwanja cha ujazo mkubwa ni kidogo, na kinaitwa hivyo kabla hajakanyaga mtu hata mmoja, yaani watu wameshabanwa kwenye karatasi hawajazaliwa.

Mji nao ukaendelea kukua. Ule mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, wenye hela ya Benki ya Dunia, ulipima Sinza na Kijitonyama na ukaingia kuboresha Manzese yetu, barabara zikapita, mabomba yakapita, lakini watu walikuja wengi kuliko viwanja. Sensa ya 2022 imetukuta 5,383,728 kwenye mkoa wa kilomita za mraba 1,393. Ukigawanya unapata watu kama 3,900 kila kilomita moja ya mraba. Lakini hiyo ni ya kugawanya, Masaki na Tandale zimechanganywa kwenye sufuria moja. Hakuna anayeishi kwenye wastani.

Kwahiyo mama alikosea?

Nimejiuliza hili kuliko yote. Nimelala nalo. Na ninachokiona ni kwamba hakukosea, alikuwa anajibu swali tofauti na langu. Mimi nilitaka kujua wamefanywa nini, yeye akanijibu wanafanya nini. Tumerundikwa ni habari ya aliyeturundika, na hiyo niko tayari kuiandika kwa herufi kubwa, kwa tarehe, kwa ramani. Ila huwezi kwenda kwa mtu anachambua mchele ukamtaka akiri kwamba yeye ndo rundo. Hiyo -ana ya mwisho ya kurundikana inatakiwa iwe -wa, kurundikwa, ili jukumu liende kwa aliyerundika. Kiambishi kimoja tu.

## Swali jipya

Nikawaandikia ofisini nikaomba neno litoke. Bosi akauliza tuweke nini badala yake, msongamano? mbanano? Nikasema tusiweke neno. Tuulize jambo lenyewe. Ikakubalika, swali likawa: Jana usiku, ndani ya chumba hiki walilala watu wangapi?

Wiki iliyopita tukarudi Tandale, dada yuleyule na mimi. Nikamwambia shikamoo mama, akaitikia marahaba, akacheka akasema wa mrundikano mmerudi. Akatuletea ndoo ileile.

Dada akasoma swali. Mama safari hii hakujibu haraka, alianza kuhesabu kwa vidole na kila kidole alikitajia mahali pake. Kitandani ni bibi, mimi, na hawa wadogo wawili, mzungu wa nne. Godoro la ukutani binti yangu na kichanga chake. Lile la kabatini wavulana wawili.

"Wanane," dada akasema, akataka kuandika.

"Subiri kwanza mwanangu."

Akaangalia mlangoni.

"Yule mkubwa aliyemaliza kidato cha nne halali hapa. Analala gereji kwa wenzie, tangu huyu kichanga azaliwe. Hakufukuzwa, aliona mwenyewe hapatoshi akachukua shuka lake. Asubuhi anakuja kunywa chai." Akanyoosha kidole cha tisa, akakikunja, akakinyoosha tena. "Sasa huyo namhesabu, simhesabu?"

Dada akaniangalia mimi. Kwenye tableti hakukuwa na sehemu ya kumweka.

Tukachukua kalamu, tukamwandika kwa mkono pembeni ya karatasi ya ridhaa, na jioni ileile nikakaa kutunga swali la pili.